Mkono wa Benchi la Nyuma

Mume wangu ni fundi redio, na redio ikishapona lazima isikilizwe kabla ya kurudishwa kwa mwenyewe. Ndiyo maana anajua habari zote. Kibanda chake kina meza moja, kiti kimoja na rafu zilizojaa maganda ya redio ambazo wenyewe walishazisahau, na kutwa nzima kuna mbili tatu zinazosema kwa pamoja. Waziri akifukuzwa kazi, yeye anajua kabla ya mke wa waziri. Watu wa kanisani walimpa jina la Taarifa, jina likamkaa, mpaka siku hizi hata mchungaji akipiga simu anaomba kuongea na Mzee Taarifa.

Nasema hata mchungaji kwa sababu huyo hatumwoni mara nyingi. Ana makanisa mengi ya kuzungukia na pikipiki moja, na hiyo pikipiki ina maringo yake. Jumapili nyingine zote anayesimama mbele ni mume wangu, mzee wa kanisa, na mahubiri yake ni yale yale aliyoyasikia kibandani, ila yamegeuzwa upande. Soko likiungua, Jumapili tutasikia juu ya moto usiozimika. Benki ikivunjwa, tutasikia juu ya hazina ambayo mwizi haifikii. Kuna wakati timu ya taifa ilitolewa mashindanoni kwa bao la kujifunga, na mahubiri ya juma lile yaliwatoa watu machozi. Dhambi, alisema, si bao la adui, ni bao unalojifunga mwenyewe huku waliokuja kukushangilia wanatazama. Mimi nisiyejua mpira nililia pia, ingawa nadhani nililia kwa uchovu.

Maana mimi nafanya kazi hospitali, si ya uuguzi, ya kufua. Mashuka yanatoka wodini yamefungwa mafundo, sisi tunayafungua, tunayatenga, tunayaloweka, mashine ikikubali tunaitumia na ikigoma tunafua kwa mikono. Vidole vyangu vimebabuka kwa dawa ya madoa. Nikirudi nyumbani sina hamu ya kusikia habari za mtu yeyote, kwa sababu habari ambazo mwenzangu anazisikia kibandani mimi nimeshazishika. Yeye anasikia kwamba nyumba imeanguka, mimi napata mashuka. Tumeishi hivyo kwa amani, kila mtu na upande wake wa habari.

Kuna jambo moja la mahubiri yake ambalo lazima nilieleze mapema. Akimaliza kuhubiri anatuambia tuinamishe vichwa na kufumba macho, wote, ili asiwepo wa kumtia mwenzake aibu. Kisha anauliza kwa sauti ya chini, "Nani anajiona ndani ya habari hii?" Aliyejiona ananyoosha mkono kimya kimya, na yeye kutoka mbele anajibu, "Nimekuona. Na wewe nimekuona. Wewe wa nyuma, nimekuona." Watu wanalipenda sana neno hilo. Mjane mmoja aliniambia kwamba juma zima hakuna anayemtazama, isipokuwa Jumapili mkono wake unapoonekana.

Sasa, ukweli ni kwamba haoni kitu. Mimi hufumbua jicho moja, na sifanyi hivyo kwa uchunguzi, ni kwa sababu nikifumba yote mawili nalala. Nilichokiona ni mume wangu amesimama pale mbele, amefumba macho kuliko sisi sote, anasema nimekuona, nimekuona. Macho yake yamechakaa kwa kulehemu nyaya nyembamba, na yakipata ruhusa ya kufumba hayaiachii. Anakisia tu. Mikono haikosi, na nyuma hakukosi mtu. Sikumwambia lolote. Nilijisemea kwamba Mungu anaona, hilo linatosha, mzee wa watu naye apumzishe macho yake.

Basi juma lile likapinduka basi la abiria. Ilikuwa alfajiri, kwenye mteremko wenye kona mbaya. Redio zote kibandani zilisema maneno yale yale: watu wamekufa, wengi wameumia, inasemekana dereva alikuwa amelewa, ameruka dirishani na kutoroka, anatafutwa. Majeruhi waliletwa kwetu. Kwangu basi lile lilifika kwa mafundo, na mafundo hayakwisha. Ndani ya shuka moja nilikuta kiatu cha mtoto. Nilikikamua maji nikakiweka dirishani, pengine atatokea mtu wa kukiulizia, na kila nilipopita nilikitazama. Hakutokea mtu.

Jumamosi nilirudi nyumbani nimechoka hata kuvua viatu nikaona safari. Mume wangu alikuwa anapiga pasi shati lake la kanisani, anaimba chini chini, na nikajua kwamba mahubiri yameshaiva.

"Kesho nahubiri lile basi," akasema.

"Hubiri kitu kingine."

"Watu wanalingoja, Mama. Kila anayeleta redio ananiuliza."

"Waache wangoje. Mimi nimelifua hilo basi juma zima. Sitaki kulisikia tena."

Aliweka pasi pembeni akanitazama kwa huruma, maana roho mbaya hana. "Basi kesho wewe kaa nyuma ulale kidogo. Nitawaambia unaumwa."

"Nikilala utasema umeniona."

Akacheka. Sijui alielewa nini, lakini alicheka.

Kesho yake nilikaa pale ninapokaa siku zote, kwenye benchi la pembeni, kwa kuwa mabenchi yetu hayana migongo na pale naegemea ukuta. Kanisa lilijaa. Mwimbaji mmoja wa kwaya, mama ambaye binti yake alikuwa amelazwa kwetu amevunjika mguu kwa ajali ile, alikuwa mstari wa mbele na macho mekundu. Mume wangu alimtazama kabla ya kuanza, na nikaona amepata nguvu.

Sitasema alihubiri vibaya. Alihubiri vizuri kuliko siku zote, na hilo ndilo linaloniuma. Alisema maisha ni basi, na kila mmoja wetu amebeba watu wa watu, watoto, wazazi, majirani. Akasema dereva yule alijua amebeba roho za watu, bado akanywa. "Na lilipopinduka," akasema, "badala ya kuwatoa waliobanwa, akaruka dirishani akakimbia. Dhambi ndivyo ilivyo, ndugu zangu, ina hatua mbili. Ya kwanza unaangusha. Ya pili unakimbia. Hata Adamu hakuishia kula tu, alikwenda kujificha." Watu wakaitika. Yule mama wa kwaya alitikisa kichwa akisema kweli, kweli. Kisha mume wangu akashusha sauti. "Lakini yuko Dereva mwingine. Huyo hakuruka dirishani. Alibaki ndani ya basi pamoja na abiria wake, akafa nao, na ndiyo maana anaweza kuwatoa." Kanisa zima likasema amina, na wengine walikuwa wanalia.

Halafu akatuinamisha vichwa. "Nani anajiona ndani ya habari hii?"

Nikafumbua jicho langu moja. Mikono ilikuwa mingi kuliko kawaida. Nikageuza shingo kidogo kujinyoosha, maana ukuta ulikuwa unaniumiza bega, na hapo ndipo nikaona mkono wa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Ulikuwa umefungwa kitambaa. Damu iliyokauka naijua kwa mbali, ndiyo kazi yangu. Nikateremsha jicho kutoka kwenye mkono hadi kwenye uso. Alikuwa Gia.

Gia ni mdogo wa mume wangu, kitinda mimba wao. Nilipoolewa nilimkuta ndani ya nyumba, mtoto wa kaptura, wazazi wao wameshafariki, na tukamlea sisi. Jina alijipa mwenyewe kwa mdomo wake, maana kutwa alikuwa anaendesha gari lisilokuwepo, anapanda milima ya uani kwa gia ya kwanza mpaka mate yanamtoka. Akakua, akawa dereva kweli. Mara ya mwisho tulimwacha kwenye lori la saruji, na simu zake zilikuwa chache kama za watu wote wanaolala barabarani. Siku ile alikuwa amevaa koti la sare lenye nembo ya kampuni ya mabasi begani, na nembo hiyo niliijua, kwa kuwa nilikuwa nimeikuta kwenye pazia moja la basi walilomfungia mgonjwa kidonda.

Nikaelewa yote kwa mpigo.

"Wewe wa nyuma," mume wangu akasema kule mbele, "nimekuona."

Gia aliushusha mkono polepole. Akangoja. Alikuwa peke yake kanisani mwenye macho mawili wazi, ukiacha hilo langu moja, na alikuwa anamtazama kaka yake, na kaka yake amefumba. "Mungu akubariki," mume wangu akasema, "na wewe wa huku kushoto, nimekuona." Akaingia kwenye sala, kutoka kwenye sala akaanzisha wimbo. Tuliposimama kuimba, benchi la nyuma lilikuwa tupu.

Nilijipenyeza hadi nje. Kulikuwa na baiskeli zilizoegemezwa ukutani na barabara nyeupe kwa jua, basi. Nikasimama pale mpaka ibada ikaisha na mume wangu akatoka, akashikwa mkono na kila mtu. Mmoja akamwambia leo umetuua, mwingine akamwambia mahubiri haya yangetangazwa redioni. Nilimvuta shati.

"Ule mkono wa nyuma kabisa. Uliuona?"

"Niliuona," akasema, bado anatabasamu kwa ajili ya watu.

"Ulikuwa wa nani?"

"Mama, hayo ni ya mtu na Mungu wake."

"Ulikuwa wa Gia," nikasema. "Mkono umefungwa kitambaa chenye damu. Na amevaa sare za lile basi."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki pale usoni kama kitu ambacho mwenyewe amekisahau, huku macho yameshabadilika. Mtu mwingine alikuja kumshika mkono akaushika, wenyewe haukushika. Nikamwombea radhi kwa huyo mtu, nikasema amepatwa na kizunguzungu, nikamtoa pale.

Hatukwenda nyumbani. Kama Gia alikuta nyumbani kumefungwa na kanisani amehubiriwa, alikuwa amebakiwa na sehemu moja tu, kibandani. Ufunguo wa akiba wa kibanda unakaa juu ya mlango, kati ya bati na mbao, tangu Gia akiwa shule, kwa sababu wa kwake alikuwa haishi kuupoteza. Tulikuta kufuli limening'inia wazi. Mume wangu aliweka mkono kwenye mlango akasita, mimi ndiye niliyeusukuma.

Alikuwa amekaa chini ya meza, magoti kifuani, vile vile alivyokuwa akikaa utotoni akifanya kosa. Redio zote alikuwa amezizima. Sijawahi kukisikia kibanda kile kikiwa kimya, na ukimya wake ulinitisha kuliko hata huo mkono.

"Shemeji," akaniambia. Kisha akasema, "Kaka, sikunywa."

Mume wangu alifunga mlango nyuma yetu.

"Wanasema nilikunywa. Sikunywa. Nililala." Alieleza akiwa anatazama sakafu. Alikuwa amefika na basi, na dereva wa kumpokea hakutokea. Msimamizi akamwambia ageuze arudi nalo, abiria wameshakata tiketi. Gia akasema amechoka. Msimamizi akamwambia kama umechoka, nje ya geti wako ambao hawajachoka. "Nikapanda. Nakumbuka kibao cha kona. Baada ya hapo nakumbuka nimelalia vioo na watu wanalia. Nikatokea dirishani. Nikasikia mtu anauliza dereva yuko wapi, mshikeni, nikakimbia. Sikumtoa hata mmoja, kaka. Kwa hiyo kulala ni kweli, na kukimbia ni kweli. Pombe tu ndiyo wamenisingizia."

Nilikaa juu ya ndoo iliyokuwa pale. Niliwaza kile kiatu dirishani. Nilitaka kumkasirikia huyu kijana, na hasira ilikuwepo, lakini nilimwona jinsi kichwa kinavyomwangukia kifuani anapoongea, na ule uchovu niliujua. Tangu lini hajalala, sikumuuliza.

"Nilikuja unipeleke polisi," Gia akasema. "Peke yangu naogopa. Watu wakinijua njiani hawatanifikisha. Nyumbani nikakuta mmefunga, nikakumbuka ni Jumapili, nikaja nikakaa nyuma. Nikasikia unanihubiri mimi."

"Sikujua ni wewe," mume wangu akasema.

"Mimi nilidhani unajua. Ulipouliza nani anajiona, nikasema kaka amejua, ananiita kwa ustaarabu ili nisiumbuke. Nikanyoosha. Ukasema umeniona. Nikangoja ushuke uje. Ukasema Mungu akubariki, ukahamia kwa mwingine."

Nilimtazama mume wangu. Nilifikiri atatafuta neno, maana maneno hayajawahi kumpungukia.

"Sikukuona," akasema. "Nilikuwa nimefumba macho."

"Leo?"

"Siku zote."

Gia aliinua kichwa akamtazama kaka yake kwa muda. Hakukasirika. Ningependa angekasirika. "Basi nihubirie sasa," akasema, "mimi nikiwa nimekaa hapa. Ile ya Dereva ambaye hakuruka. Ilikuwa nzuri, nilitaka kuitika amina na mimi. Lakini mimi ndiye niliyeruka, kaka. Kwa aliyeruka ulisema nini? Nilisikiliza mpaka mwisho, sikusikia. Ndiyo amekwisha huyo?"

Mume wangu alijishusha sakafuni, magoti yakilia, akakaa na shati lake la kanisani katikati ya vumbi na vipande vya waya. Niliona jasho shingoni. Watu wanadhani kuhubiri ni kusimama mbele ya wengi. Kwa mtu mmoja, aliyekaa chini ya meza yako, na ni damu yako, na ameuliza kwa sababu kweli anataka kujua, hapo mimi sijawahi kuona kazi ngumu zaidi.

"Alibaki kwa ajili ya nani?" akasema mwishowe, taratibu, kama anayejiuliza mwenyewe. "Kama hakuna aliyeruka, yeye alibaki mle ndani kwa kazi gani? Alibaki kwa ajili yako wewe uliyeruka. Hicho ndicho kipande nilichotakiwa kukisema. Nilikiacha."

"Kwa nini ulikiacha?"

"Watu walikuwa wanaitika."

Gia akaokota kipande cha waya sakafuni. Kisha akauliza, "Na waliokufa?"

"Wamekufa, mdogo wangu. Hilo siwezi kulitengeneza, na sitakudanganya kwamba litakutoka. Utalibeba. Mimi nitashika upande mmoja."

Hapo ndipo Gia alipolia. Mume wangu aliingia chini ya meza, mtu mzima na mvi zake, akakaa naye humo, na nilipoona hawana nafasi nikasogeza sanduku la spika. Baadaye niliufungua ule mkono. Nilikiloweka kitambaa kwanza kwa maji ili kisimng'oe ngozi, nikamtoa vipande vya kioo nilivyoweza kuviona, nikamfunga upya kwa kitambaa changu cha kichwani. Alikuwa anasinzia nikiwa bado namfunga. Tukamwacha alale kidogo, hapo hapo begani kwa kaka yake. Hakuna aliyeona ubaya wa kuwachelewesha polisi kwa ajili hiyo.

Kituoni tulikwenda kwa miguu, mchana ule ule. Mume wangu alimshika mkono njia nzima kama mtoto anayepelekwa shule. Gia alikuwa amevua lile koti, nimelikunja kwapani kwangu. Nilimwambia asitazame watu, atazame viatu vyake, na mimi nikawatazama watu kwa niaba yake.

Askari wa zamu alikuwa anaandika. Kaunta ilikuwa na redio ndogo yenye spika iliyopasuka, na hata katika hali ile nilimwona mume wangu ameisikia kasoro yake. "Nani mwenye shida?" askari akauliza bila kuinua kichwa.

Gia akanyoosha mkono, ule ule.

"Nani mwenye shida, nimeuliza," askari akasema, bado kalamu inakwenda.

"Afande," mume wangu akasema, "inua macho umtazame. Ni huyu. Ni mdogo wangu, ndiye dereva wa lile basi. Hajakamatwa, amekuja mwenyewe."

Kilichofuata kilikuwa kirefu na cha kuchosha, maswali na kungojeshwa. Walipomchukua kwenda ndani Gia aligeuka mara moja. Mume wangu alisimama pale pale, amemkazia macho mpaka mlango ukafungwa, na akaendelea kuutazama mlango.

Katikati ya juma redio zikatangaza kwamba polisi wamefanikiwa kumkamata dereva mlevi baada ya msako mkali. Niliambiwa na jirani wa kibanda kwamba mume wangu alikuwa na redio nne mezani, akazizima moja baada ya nyingine, akarudi kulehemu. Waumini nao walizisikia. Wakaanza kupita kibandani kumwambia kwamba Jumapili hii Mungu amemkamilishia mahubiri, sasa atuonyeshe jinsi dhambi inavyomfuata mtu mpaka inamfikisha. Aliwaambia ndiyo, karibuni.

Jumapili nilitoka moja kwa moja kazini, mikono inanuka dawa, nikakaa kwenye ukuta wangu. Kanisa lilijaa hadi mlangoni. Mume wangu akasimama, na kwa mara ya kwanza sikujua anakwenda kusema nini.

"Dereva hakukamatwa," akaanza. "Alijipeleka. Na hakuwa amelewa, alikuwa amechoka, akalala, watu wakafa, akakimbia. Ni mdogo wangu wa tumbo moja. Jumapili iliyopita alikuwa amekaa benchi lile pale, akanyoosha mkono, nikamwambia nimemwona. Sikumwona. Nilikuwa nimefumba macho, kama ninavyofumba kila Jumapili. Wote niliowaambia nimewaona, sikuwaona."

Kulikuwa na kelele za chini chini. Yule mjane aliyeniambia juu ya mkono wake aliinamisha kichwa, na nilimwonea huruma. Mama wa kwaya alichukua mkoba wake, akapita katikati ya watu, akatoka nje. Mume wangu alimsindikiza kwa macho mpaka mlangoni, hakumwita. Alikuwa na haki ya kutoka. Binti yake mguu hautanyooka tena, mimi nafua mashuka yake, najua.

"Hata Bwana aliletewa habari," mume wangu akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeishiwa. "Walimwambia juu ya watu waliouawa wakitoa dhabihu, na yeye akawakumbusha walioangukiwa na mnara. Walitaka aseme kama hao walikuwa na dhambi kuliko wengine. Akakataa. Akawaambia watubu wao wenyewe. Miaka yote hii nimewasomea habari nikisema tazameni yule. Leo sina yule." Akasogea mbele hatua moja. "Tusifumbe macho. Nani anajiona ndani ya habari hii?"

Hakuna aliyenyoosha. Nani atanyoosha, watu wote wamekodoa macho? Walikuwa wanatazamana, wanatazama miguu, wanatazama dari. Mume wangu aliwapitia mmoja mmoja, benchi kwa benchi, macho yake mekundu yamekaza kwa taabu, na safari hii nilijua kwamba anaona. Alipofika benchi la nyuma alisimama hapo. Kisha akanyoosha mkono wake mwenyewe.

Aliunyoosha juu kabisa, kama wanavyonyoosha wale wanaoogopa wasionekane. Kanisa zima likamtazama na hakuna aliyejua la kufanya, kwa sababu mwenye kazi ya kujibu alikuwa ndiye huyo aliyenyoosha. Mimi nilikuwa nimechoka siku ile kuliko ninavyoweza kueleza, na si kawaida yangu kusema mbele ya watu. Niliuacha ukuta, nikasimama.

"Nimekuona," nikasema.

Akaushusha mkono.